Vizuizi vya mazoezi ya baiskeli ya gurudumu moja

Vizuizi vya mazoezi ya baiskeli ya gurudumu moja ni vitu vilivyotengenezwa au kupangwa ili mwendeshaji ajifunze kupanda, kuruka, kuvuka na kushuka bila kuweka mguu chini. Hutumika hasa katika traiali, tawi la mchezo huo ambamo hakipimwi kitu kama kasi, bali usawa wa mwili, nguvu ya kuruka na usahihi. Vizuizi vya mashindano huandaliwa na wasimamizi. Vya mazoezi, kwa kawaida, mwendeshaji hujitengenezea mwenyewe nyumbani kwa mbao, magogo, matairi, mawe na matofali.

Anayevitumia vizuizi hivi huanguka mara nyingi kabla ya kufaulu. Kwa sababu hiyo ubora wa kizuizi haupimwi kwa kimo chake. Kizuizi salama ni kile kisichotikisika, kisichovunjika ghafla, kisicho na kitu cha kuchoma wala kukata, na kilichozungukwa na mahali pazuri pa kuangukia.

Mchezo wa traiali

Baiskeli ya gurudumu moja ina gurudumu, uma, siti, krenki mbili na pedeli mbili. Haina mnyororo. Krenki zimeshikana na habu moja kwa moja, kwa hiyo gurudumu likizunguka na pedeli huzunguka, na pedeli zikisimama gurudumu husimama. Mwendeshaji wa traiali huinuka kwenye siti, huishika kwa mkono mmoja, kisha hurukaruka akiwa amesimama juu ya pedeli. Baiskeli inayotumika zaidi ina rimu ya inchi 19 na tairi nene lenye upana wa takriban inchi 2.5. Upepo hujazwa kidogo ili tairi lidunde na kushika kingo za kizuizi.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilianzishwa mwaka 1982. Mashindano yake ya dunia, yanayoitwa Unicon, yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1984 mjini Syracuse, Marekani. Hadi yale ya mwaka 2024, yaliyofanyika Bemidji, Marekani, hayakuwahi kufanyika katika bara la Afrika. Katika shindano la traiali huwekwa njia nyingi zenye vizuizi vya ugumu tofauti. Mwendeshaji hupewa muda maalumu na anaruhusiwa kurudia. Hupata pointi moja kwa kila njia aliyoimaliza bila sehemu yoyote ya mwili wake kugusa ardhi. Mmoja wa watu waliousaidia mchezo huu kukua ni Kris Holm kutoka Kanada, ambaye pia alianzisha utengenezaji wa baiskeli imara za aina hiyo.

Katika Afrika Mashariki baiskeli ya gurudumu moja huonekana zaidi katika sarakasi kuliko katika mashindano ya michezo. Mwanasarakasi huiendesha juu ya jukwaa au sakafu tambarare, na hahitaji zaidi ya hapo. Anayetaka kujifunza traiali anahitaji vitu vya kupanda na kuruka, na vitu hivyo haviuzwi dukani. Hivyo utengenezaji wa nyumbani ndio njia yake ya kawaida.

Kanuni za usalama

Kimo

Kasi ya kitu kinapofika chini hutegemea kimo kilikoangukia:
- kutoka sentimita 20, takriban kilomita 7 kwa saa;
- kutoka sentimita 50, takriban kilomita 11 kwa saa;
- kutoka mita 1, takriban kilomita 16 kwa saa.

Kimo kikizidishwa mara mbili, nishati ya kuanguka nayo huzidi mara mbili. Anayeanza hutumia vizuizi vya sentimita 10 hadi 15. Kizuizi kirefu zaidi huongezwa pale anapoweza kupanda na kushuka kile cha kwanza mara kumi mfululizo bila kuanguka. Mbinu nyingi za traiali, kama vile kugeuka angani, kutua kwa pedeli na kuruka kwa ubavu, hujifunzwa kikamilifu katika vimo vya chini ya sentimita 30.

Uthabiti

Kizuizi kinachosogea wakati wa kutua ni hatari kuliko kizuizi kirefu kisichosogea. Upana wa kitako haupaswi kuwa mdogo kuliko kimo. Kabla ya kutumika hujaribiwa kwa njia mbili. Kwanza, watu wazima wawili husimama juu yake pamoja na kurukaruka polepole, katikati kisha pembeni. Pili, mtu mmoja hukisukuma kwa mguu kwenye ukingo wa juu. Kikiinuka upande mmoja, kulia au kuteleza, hurudishwa kwa fundi.

Uso wa juu

Tairi huhitaji uso unaoshika. Ubao uliolowa umande au mvua huteleza sana, na zaidi ukiwa umepakwa rangi laini. Kuna njia tatu zinazofaa: kupigilia vipande vya tairi kuukuu, kunyunyizia mchanga safi juu ya rangi kabla haijakauka, au kutandika wavu wa kuku na kuushikiza kwa misumari ya kupinda. Ncha za wavu hukunjwa chini ya ubao, kwa sababu ncha moja iliyoachwa wazi huchana ngozi na tairi kwa pamoja.

Mahali pa kuangukia

Eneo la mita 2 kila upande huachwa tupu: bila mawe, visiki, waya, ukuta wala baiskeli nyingine. Udongo mkavu uliolainishwa kwa jembe na kusawazishwa, au nyasi fupi, hufaa zaidi. Saruji na changarawe havifai. Mchanga mzito wala godoro laini pia havifai mahali anapotua mwendeshaji, kwa sababu gurudumu huzama na kifundo cha mguu hupinda.

Vifaa na mahali vinapopatikana

Vitu vingi vinavyohitajika hupatikana hata mbali na miji mikubwa. Mfano ni Busunzu, kata ya Wilaya ya Kibondo katika Mkoa wa Kigoma, na maeneo ya jirani kuelekea Kasulu. Hizi ni nyanda za juu zenye misitu ya miombo, mikaratusi iliyopandwa, matofali ya kuchoma na mafundi seremala. Paleti za mizigo, ambazo ndizo hutumika zaidi katika nchi za viwanda, huko ni adimu kuliko mijini, lakini mbao na magogo huchukua nafasi yake.

Mbao. Mbao za msindano ni nyepesi na rahisi kupigilia, lakini huliwa haraka na mchwa zikigusa udongo. Mninga ni imara zaidi, ila bei yake ni kubwa mno kwa kazi hii, na vipande vilivyobaki kwa seremala hutosha. Ubao wenye fundo kubwa katikati au ufa wa kwenda urefuni haufai kubeba mtu. Uvunaji wa miti katika misitu ya hifadhi Tanzania unahitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kwa hiyo gogo hununuliwa kwa mwenye shamba au hutokana na mti ulioanguka katika kiwanja chake.

Magogo ya mkaratusi. Ni mazito. Hupasuka ncha yanapokauka, jambo ambalo si baya iwapo ufa haufiki pale gurudumu linapopita. Gome huondolewa lote, kwani gome lililolegea huchomoka chini ya tairi. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mkaratusi hutumiwa pia kutengenezea chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mizigo mizito. Magurudumu yake huvikwa vipande vya matairi kuukuu. Vitu hivyo viwili, gogo na mpira, ndivyo vinavyotosha kutengeneza kizuizi kizuri cha kwanza.

Matairi. Tairi la gari dogo hulazwa au huzikwa nusu likiwa limesimama. Tairi lililochakaa hadi nyuzi za chuma kuonekana halitumiki. Maji yaliyotuama ndani ya tairi huwa mazalia ya mbu, wakiwemo wanaoeneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo tairi hutobolewa matundu kadhaa upande wa chini au hujazwa udongo.

Paleti. Paleti ya kawaida ya Ulaya ina sentimita 120 kwa 80 na kimo cha takriban sentimita 14. Alama ya HT iliyochomwa ubavuni huonyesha kwamba mbao zilitibiwa kwa joto. Alama ya MB huonyesha kwamba zilitibiwa kwa gesi yenye sumu ya bromidi ya methili, na paleti ya namna hiyo huachwa. Nafasi kati ya mbao za juu ni pana kiasi cha kumeza tairi, hivyo huzibwa kwa mbao nyingine. Misumari yote iliyotokeza hung'olewa au kugongwa hadi izame.

Roda za nyaya za umeme. Roda kubwa ya mbao hulazwa ubavu. Ikisimamishwa kwa mduara wake huviringika, hata ikiwekewa mawe.

Matofali na mawe. Matofali yaliyopangwa bila udongo wa kujengea husogea na kupasuka kingo. Hutumika tu yakiwa yamejengwa kwa saruji na kufunikwa juu kwa lipu yenye uso wa kukwaruza. Jiwe kubwa la asili huzikwa theluthi moja ya kimo chake.

Mifano ya vizuizi

Jukwaa la sentimita 20

Hiki ndicho kizuizi chenye faida kuliko vyote kwa anayejifunza. Kinahitaji mbao nne za sita kwa mbili zenye urefu wa futi 12, na misumari ya inchi 4. Ikiwa mbao zimepigwa randa, vipimo vyake halisi hupungua, hivyo hupimwa upya kabla ya kukata.

1. Hukatwa vipande 7 vya sentimita 120 na vipande 4 vya sentimita 70.
2. Vipande 2 vya sentimita 120 husimamishwa kwa ubavu. Vile 4 vya sentimita 70 huwekwa kati yao, kimoja kila baada ya takriban sentimita 40, navyo kwa ubavu. Hii ndiyo fremu, na kimo chake ni sentimita 15.
3. Fremu hupimwa pembe kwa pembe. Vipimo viwili vikilingana, iko sawa. Visipolingana husukumwa hadi vilingane, kisha hupigiliwa.
4. Vipande 5 vilivyobaki hulazwa juu kwa urefu wa fremu. Kati ya kipande na kipande huachwa nafasi isiyozidi sentimita 1, ili maji yapite lakini tairi lisizame.
5. Karibu na ncha za ubao hutobolewa kwanza kwa drili au msumari mwembamba, ubao usipasuke. Kila kipande hupigiliwa misumari miwili katika kila mti wa fremu, na vichwa huzamishwa chini ya uso wa ubao.
6. Kingo za juu huondolewa ukali kwa randa au tupa, kisha msasa.

Unene wa uso ukiongezwa kwenye fremu, jumla huwa sentimita 20. Majukwaa mawili ya namna hii yakiwekwa kwa umbali wa sentimita 30, kisha 40 na 50, hutoa mazoezi ya kuruka pengo bila kuongeza kimo. Yakipandishwa moja juu ya jingine hufungwa kwa bolti nne. Kuyaweka tu bila kufunga hakutoshi.

Boriti nyembamba

Mbao mbili za mbili kwa nne zenye urefu wa mita 2 hushikanishwa ubavu kwa ubavu, zikiwa zimesimama, kwa bolti kila baada ya sentimita 50. Upana wa njia huwa sentimita 10. Ubao wa mbili kwa nne ukisimama kwa ubavu una nguvu mara mbili ya ule uliolazwa, na hupinda robo tu ya unavyopinda ukiwa umelazwa. Ndiyo sababu boriti haitengenezwi kwa ubao uliolala. Miguu mitatu ya sentimita 60, iliyokatwa katika mbao zilizolazwa, hufungwa chini kwa kukingama: miwili ncha zote mbili na mmoja katikati. Kimo chote ni sentimita 15.

Anayeanza huiweka boriti juu ya nyasi na kutembea juu yake kwa miguu kwanza. Upana ukipunguzwa, kimo hakiongezwi wakati huohuo. Ugumu mmoja huongezwa kwa wakati mmoja.

Gogo

Gogo lenye unene wa sentimita 20 hadi 30 na urefu wa mita 1.5 hulazwa katika mfereji wa kina cha sentimita 5. Kila ncha hupigiliwa vigingi viwili, kimoja kila upande, na vichwa vya vigingi hukatwa chini ya kimo cha gogo. Kigingi kinachochomoza juu ya gogo ni hatari kuliko kuanguka kwenyewe, kwani mtu anaweza kukiangukia kwa mbavu.

Msururu wa matairi

Matairi matatu au manne ya gari dogo huzikwa nusu yakiwa yamesimama, umbali wa sentimita 40 hadi 60, na ndani hushindiliwa udongo. Mpira hupokea kishindo cha kutua, na hivyo kizuizi hiki huwafaa wenye maumivu ya magoti na vijana ambao bado wanakua.

Baiskeli yenyewe

Kizuizi salama hakimlindi mtu aliye juu ya baiskeli isiyofaa. Baiskeli nyingi za gurudumu moja za bei nafuu, pamoja na zile zinazotengenezwa na mafundi wa kuchomelea kwa vipuri vya baiskeli ya kawaida, zina krenki zinazoshikwa na pini au ekseli ya pembe nne. Krenki hizo hulegea au kukatika kwa kishindo cha kushuka. Kwa baiskeli ya aina hiyo haifai kushuka kutoka zaidi ya sentimita 15. Baiskeli za traiali hutumia habu yenye meno mengi yanayokamata krenki. Kabla ya kila zoezi hukaguliwa nati za krenki, spoku, siti na ufa wowote kwenye sehemu zilizochomelewa.

Mwendeshaji huvaa helmeti, vikinga vya ugoko na magoti, glavu, na viatu vilivyofungwa vyenye soli ngumu. Ugoko huumia zaidi ya sehemu nyingine, kwa sababu pedeli za traiali zina vijipini vya chuma. Kandambili hazifai kabisa. Kamba za viatu hufichwa ndani, zisijizungushe kwenye krenki.

Matunzo na ukaguzi

Katika nyanda za juu za Kigoma mvua hunyesha kuanzia takriban Oktoba au Novemba hadi Mei. Kizuizi cha mbao kilichoachwa nje msimu mzima kinaweza kuonekana kizima huku ndani kimeoza au kimeliwa na mchwa. Hukaguliwa kwa njia rahisi:
- kugonga ubao kwa nyundo: mzima hulia kwa sauti kavu, ulioliwa hulia kama kitu kitupu;
- kuchoma kisu kidogo karibu na ardhi: kikizama bila nguvu, kipande hicho hubadilishwa;
- kutazama njia za udongo za mchwa chini ya fremu;
- kukaza bolti na kuzamisha misumari iliyojitokeza baada ya mbao kukauka.

Jukwaa hudumu zaidi likiwekwa juu ya matofali bapa yaliyozikwa usawa wa ardhi, lisiguse udongo. Oili chafu ya magari, inayopakwa na wengi kuzuia mchwa, huufanya uso uteleze na hudhuru ngozi. Kama inatumika, hupakwa upande wa chini tu na kuachwa ikauke kabisa. Mwisho wa zoezi vizuizi vidogo huingizwa ndani au kugeuzwa juu chini, kwa sababu watoto wadogo huvipanda mwenyewe asipokuwepo.

Mtu akiumia

Haifai kufanya mazoezi ya kuruka peke yako. Mwenzi husimama kando, nje ya njia ya kuangukia, na hamdaki anayeanguka kwa kumkumbatia, kwani baiskeli huwaumiza wote wawili. Kazi yake ni kuiondoa baiskeli na kuita msaada. Kabla ya kuanza hujulikana nani ana simu na usafiri, hasa vijijini ambako hospitali ya wilaya iko mbali.

Kidonda cha msumari husafishwa kwa maji mengi na sabuni, na majeruhi hupelekwa kituo cha afya kuulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama tundu ni dogo. Mkono au mguu uliovimba na kupinda hufungwa gango kama ulivyo bila kunyooshwa. Aliyegonga kichwa akatapika, akachanganyikiwa, akasinzia kupita kawaida au akapoteza fahamu hata kwa muda mfupi hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Anayelalamika maumivu ya shingo baada ya kuanguka hasogezwi mpaka wapatikane wanaojua kumbeba.

Tazama pia
- Baiskeli
- Chukudu
- Huduma ya kwanza
- Sarakasi
- Useremala
- Wilaya ya Kibondo